Marehemu wa Ukutani

Tulimwacha mwalimu mkuu amelala chali kwenye sakafu ya fundi cherehani, na sakafu ya fundi cherehani si mahali pa kumwacha mtu wiki nzima. Ina pini.

Kwa hiyo tumuinue upesi.

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungia sabuni, mambo yalikuwa hivi. Mwalimu, mwanamume wa miaka arobaini na moja, mwenye tai na sauti ya kunyamazisha wanafunzi mia sita, aliingia dukani kurekebishiwa mikono ya koti. Fundi, mwanamke wa miaka sitini ambaye mtaa mzima unamwita Sindano kwa sababu ya ulimi wake, alikuwa ameshafumua mkono mmoja. Akainamisha kichwa upande ili akate uzi kwa meno. Mwalimu akamtazama. Akaliona kovu dogo la kidevuni. Akaita, "Mama!" Kisha akaanguka kama gunia.

Sasa Sindano alikuwa amemsimamia na kikombe cha maji, akipima kama amnyweshe au ammwagie.

Akammwagia.

"Usimzamishe!" muuza vifungo wa duka la jirani alipiga kelele kutoka mlangoni. Alikuwa ameacha wateja watatu ili asipitwe.

"Simzamishi, namwamsha. Na wewe kama umekuja kutazama tu, shika miguu."

Mwalimu akafumbua macho. Akamwona Sindano. Akayafumba tena.

"Umefufuka," alisema.

"Nani kafufuka? Mimi sijafa hata siku moja. Inuka, umelalia kitambaa cha mtu."

Mwalimu aliinuka akaketi palepale sakafuni, maji yakimchuruzika kwenye tai. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa picha ndogo iliyofunikwa kwa plastiki, kona zake zimelika kwa kushikwashikwa. Akaitoa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi cheti.

Ilikuwa picha ya msichana wa miaka ishirini hivi. Kichwa kimeinama upande kidogo. Midomo imefungwa kwa tabasamu ambalo halikukamilika. Macho yamejaa machozi yasiyodondoka. Kidevuni, kovu. Ilikuwa sura ya mtu aliyekusamehe kabla hujakosa.

Sindano aliitazama mara moja tu. Akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Huyu ni marehemu mama yangu," alisema Mwalimu.

Muuza vifungo akakaa chini kabisa. Hii haikuwa habari ya kusikilizwa na mtu aliyesimama.

"Bwana mkubwa," Sindano alisema, akijitahidi kuwa na adabu, jambo lisilomjia kwa urahisi, "mimi sikuzaa. Ningezaa ningejua."

"Mama yangu alifariki nikiwa na miezi mitatu. Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili. Homa ya ghafla."

"Nilikufa kwa homa?"

"Ya ghafla."

"Afadhali," alisema muuza vifungo. "Hukuteseka."

Sindano akamtupia jicho, naye akafunga mdomo. Majirani wanaomjua wanasema haijawahi kutokea kabla wala baada.

Mwalimu akaeleza. Picha kubwa iko nyumbani, sebuleni, ukutani. Hii ndogo aliinakili kutoka kwenye ile kubwa ili atembee nayo. Baba yake alimwonyesha akiwa na miaka mitano, akamwambia, huyu ndiye mama yako. Tangu siku hiyo, miaka thelathini na sita, amekuwa akizungumza nayo.

"Mnazungumza nini?" Sindano aliuliza. Hakupenda jinsi sauti yake ilivyotoka, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Kila kitu. Nilipoiba kalamu shuleni, baba hakunichapa. Alinisimamisha mbele ya ukuta akasema, 'Mwangalie mama yako machoni, umwambie mwenyewe.' Afadhali angenichapa! Nilipokuwa kijana nilipiga gitaa. Nilialikwa kwenye bendi. Nikaja kukuuliza... nikaja kuiuliza picha. Nikaona umehuzunika. Ndiyo maana nikawa mwalimu."

"Nilihuzunika," Sindano alirudia.

"Na kuna msichana." Mwalimu alishusha sauti. "Nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilimpenda kupita kiasi. Nikamleta nyumbani, nikamsimamisha mbele yako. Macho yako yakajaa machozi. Nikajua hukumkubali. Nikamwacha kesho yake."

Sindano alifumba macho.

"Mwalimu," alisema, "lilikuwa jino."

"Nini?"

"Jino. Gego la chini, upande huu. Niling'olewa asubuhi ile ile. Nikapita studio kupiga picha ya kitambulisho cha kazi, na dawa ya ganzi ikaanza kuisha nikiwa nimeshakaa kwenye kiti. Kichwa nimekiinamisha kwa maumivu. Midomo nimeifunga kwa sababu mdomoni nina pamba. Mpiga picha ananiambia, 'Hapo hapo, usitikisike, umependeza kweli.' Nilitaka kumpiga na kiti."

Muuza vifungo alikumbuka wateja wake, lakini hakwenda.

"Pamba," alisema Mwalimu.

"Pamba. Na damu kidogo."

Mwalimu akaichukua tena picha, akaisogeza karibu na dirisha. Na kweli, ukishaambiwa unaona: shavu moja lilikuwa limejaa kidogo kuliko jingine. Miaka yote hiyo alidhani ule ni upole.

"Nilipokwenda kuichukua," Sindano aliendelea, "nikaona nimekaa kama mfiwa. Nikamwambia yule mpiga picha akaitupe. Nikapiga nyingine, nimekodoa macho kama watu wote."

"Hakuitupa."

"Naona. Simama."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa baba yako. Mtu hawezi kuniua kwa homa bila kuniuliza."

"Sasa hivi? Nina kikao na wazazi saa nane."

"Mzazi wako mmoja yuko hapa na anataka kikao," alisema Sindano, akafunga duka.

Watu waliokuwa barabarani mchana ule hawakusahau. Mwalimu mkuu, mtu wa heshima zake, akitembea mbio nyuma ya fundi cherehani, koti lake lina mkono mmoja, mkono wa pili umebebwa na fundi begani kama taulo. Muuza vifungo aliwafuata hadi kwenye kona. Hapo wateja wake walimkamata wakamrudisha.

Njiani Sindano alipanga maneno. Alikuwa na maneno ya kutosha kumzika mzee wa watu mara mbili. Lakini kila alipoyapanga, jambo moja lilikuwa likiyavuruga.

Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza. Wateja humbishia hata kuhusu viuno vyao wenyewe. Mume alikuwa naye miaka minne, akaondoka akisema nyumba ina kelele. Dada zake humpigia simu kumpa habari, si kumwomba maoni. Na kumbe muda wote huo, mitaa mitano tu kutoka kwenye cherehani yake, kulikuwa na mtu aliyekuwa akimsimulia kila kitu, akingoja jibu lake, akigeuza maisha yake kwa kutazama uso wake. Mtu mmoja duniani aliyemsikiliza, na siku zote hizo yeye hakuwepo.

Hilo lilimuuma kuliko gego.

Mke wa Mwalimu ndiye aliyefungua mlango, ameshika sahani na kitambaa cha kufutia. Lakini Sindano hakumwona kwanza. Aliiona picha.

Ilikuwa kubwa kama dirisha, juu ya televisheni, ndani ya fremu ya mbao iliyochongwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Taa ndogo ilikuwa imewekwa juu yake. Na msichana yule alikuwa mzuri. Miaka arobaini Sindano alikuwa akijua kwamba siku ile alitoka vibaya. Sasa alisimama mlangoni kwa watu, akijitazama, akijionea wivu.

Binti wa Mwalimu, wa miaka saba, alitoka chumbani na penseli mdomoni. Akatazama ukuta. Akamtazama Sindano. Akatazama ukuta tena.

"Mama!" aliita bila wasiwasi wowote. "Bibi ametoka. Kumbe huko ndani alikuwa anazeeka." Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," alisema Sindano.

Mke wa Mwalimu hakupiga yowe. Aliweka sahani mezani taratibu, akasogea, akalichunguza kovu, akamchunguza mumewe aliyelowa maji.

"Si mama," Mwalimu alisema. Sauti ya kunyamazisha wanafunzi mia sita ilikuwa imebaki ya kumnyamazisha mmoja. "Na yuko hai. Na lilikuwa jino."

Kwa maelezo mafupi kama hayo mke mwingine angeita daktari. Huyu alielewa upesi kuliko wote, kwa sababu alikuwa na hamu ya kuelewa.

"Kwa hiyo wewe ndiye?" alimwambia Sindano. "Miaka kumi na minne naishi na macho yako! Nikitaka kubadilisha pazia, 'tumwangalie mama kwanza.' Nikitaka kurudi kazini, 'mama anaonekana hapendi.' Hata nywele. Nilitaka kukata nywele zangu, nikaambiwa marehemu amehuzunika!"

"Kata," alisema Sindano.

"Unasema?"

"Kata hata sasa hivi. Mkasi ninao." Akautoa kwenye mfuko wa aproni. "Na hilo pazia ni baya. Nani aliyelishona?"

Mke wa Mwalimu alicheka hadi akashikilia ukuta, na ukuta aliushikilia pale pale chini ya picha, mahali ambapo hakuna aliyewahi kucheka.

"Mama mkwe," alisema akijifuta machozi, "ungekuja mapema."

Kicheko hicho ndicho kilichomtoa Mzee uani.

Baba yake Mwalimu alikuwa mzee mwembamba mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alitengeneza fremu za picha maisha yake yote, na hata sasa, mikono ikitetemeka, alikuwa na randa yake na vipande vya mbao nyuma ya nyumba. Aliingia akijifuta viganja kwenye suruali. Akamwona Sindano.

Mwalimu alikimbia kumdaka asianguke. Mzee hakuanguka. Alimtazama mgeni kwa muda, akatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyeletewa barua aliyoingoja sana.

"Jino lilipona?" aliuliza.

Sindano, ambaye alikuja na maneno ya kuzika, aliyatafuta yote asiyaone.

"Baba!" Mwalimu alipaza sauti. "Ulijua ni jino?"

"Nilikuwa nyuma ya pazia la studio, napigilia fremu. Nilisikia matusi yote aliyomtukana mpiga picha. Mengine sijayasikia tena hadi leo."

"Ulijua ni jino, ukaniacha niache gitaa?"

"Mimi nilikuambia umuulize. Sikukuambia anajibu nini."

"Nikamwacha yule msichana!"

"Nilishangaa," Mzee alikiri. "Mimi nilimpenda."

Mke wa Mwalimu akakohoa. Mzee akamtazama haraka, akaongeza, "Lakini mambo yalikwenda vizuri."

Mwalimu alianza kuzungukazunguka sebuleni, kutoka sofa hadi kabati, kutoka kabati hadi sofa, na mkono mmoja wa shati ukitokeza kwenye koti. "Kwa nini, baba? Niambie tu kwa nini. Ungeniambia hatuna picha yake. Ningeelewa."

"Ulikuwa na miaka mitano. Ulirudi kutoka shuleni ukaniuliza mama yako alikuwa na sura gani. Ukaniuliza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikuwa na picha hata moja. Alipoondoka alizichana zote."

Kuna maneno ambayo mtu huyatoa na kutamani kuyarudisha mdomoni kwa mkono. Mzee aliinua kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mwalimu akasimama.

"Alipoondoka?" aliuliza. "Baba. Umesema alipoondoka."

Mzee akatafuta kiti kwa kupapasa, akakaa.

"Hakufa," alisema. "Aliondoka ukiwa na miezi mitatu. Tulikuwa tumegombana, mimi na yeye, tukasema mambo ambayo watu hawapaswi kusemeana. Nikahama mtaa ule kwa aibu. Huku hakuna aliyetujua. Kumwambia mtoto kwamba mama yake amekufa ni rahisi kuliko kumwambia alitoka mlangoni kwa miguu yake."

"Na picha?" Sindano aliuliza. Aliuliza taratibu, hata yeye mwenyewe akashangaa.

"Studio ilikuwa na sanduku la picha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Nililipekua jioni nzima. Zilikuwa nyingi, wanawake wazuri tu. Lakini wote walikuwa wanacheka." Mzee alitazama ukuta. "Nilitaka mmoja anayeonekana kusikitika kumwacha mwanangu."

Binti alitoa penseli mdomoni. Mkewe Mwalimu akainua mkono ili amshike mumewe, akauacha hewani. Sindano alijikuta anaukunjakunja ule mkono wa koti mikononi, kama vile ungempotea.

Alikuja kudai uso wake. Sasa hakujua angeutoaje pale ukutani bila kubomoa nyumba.

"Yuko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Alirudi."

"Lini?"

"Ulipokuwa na miaka sita. Alitutafuta mwaka mzima. Nilimsimamisha nje, dirishani, nikamwambia atazame. Ulikuwa umesimama mbele ya picha unaisimulia mambo ya shule, na unacheka. Nikamwambia, nafasi hiyo ina mtu. Ukitaka kuingia humu, ingia kama dada yangu."

Neno lililomtoka Mwalimu lilikuwa dogo.

"Shangazi?"

Mzee akainamisha kichwa.

Na kwa kweli, alikuwa na shangazi mmoja tu. Yule aliyekodi chumba mtaa wa pili ili awe karibu. Yule aliyempigia pasi sare za shule, aliyemfundisha kusoma, aliyekaa naye siku tisa alipougua surua. Siku ya harusi yake Mwalimu alisimama mbele ya wageni wote akamshukuru "shangazi yangu mpenzi, aliyejitahidi kuziba pengo la mama, ingawa pengo la mama halizibiki." Wageni walipiga makofi. Shangazi naye alipiga.

"Shangazi ndiye aliyenifundisha kumfuta vumbi marehemu," mke wa Mwalimu alisema kwa sauti ya mtu anayeota. "Aliniambia nitumie kitambaa kikavu. Aliniambia nisiguse macho."

"Huwa anakuja siku gani?" Sindano aliuliza.

"Alhamisi."

Wote wakatazama kalenda. Hawakuhitaji. Geti lilikuwa limeshalia.

"Hodi humu!" sauti iliita uani, ya uchangamfu, ya mtu mwenye nyumba asiyekuwa mwenye nyumba. "Nimepata kioo kipya cha fremu, jamani! Kile cha zamani kimekuwa na ukungu, marehemu hang'ai tena!"

Akaingia. Mwanamke mrefu wa miaka sitini na ushee, amekumbatia kipande cha kioo kilichofungwa kwa blanketi. Akamwona Sindano, akaliona kovu. Akatazama ukuta.

Kioo hakikuanguka. Alikiegemeza ukutani polepole, akahakikisha hakitelezi, kama mtu aliyejizoeza miaka mingi kuwa mwangalifu katika nyumba isiyo yake. Kisha akamtazama Mzee, na Mzee akatazama viatu vyake.

"Umewaambia," Shangazi alisema.

Alimsogelea Sindano hadi wakakaribiana pua kwa pua.

"Miaka thelathini na mitano nakufuta vumbi," alimwambia. "Unajua ni mara ngapi nilitaka kukuangusha?"

"Ungeniangusha tu," alisema Sindano. "Mimi mwenyewe nilisema nitupwe."

Na wanawake hao wawili, mmoja aliyekuwa mama bila kujua na mwingine aliyejua bila kuitwa, karibu wacheke. Karibu tu. Kwa sababu Mwalimu alikuwa amejiweka kati yao.

"Uliniacha," alimwambia. "Nilikuwa na miezi mitatu. Ulitokaje? Ulifunga mlango, ukaenda hivi hivi, mikono mitupu?"

Shangazi alishtuka. Hakushtushwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyesikia hesabu isiyolingana.

"Mikono mitupu?" alisema.

Akamgeukia Mzee, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba ile kama dada wa mtu, alipaza sauti.

"Hukumwambia kwamba walizaliwa wawili?"